Kalenda Kwenye Mkono wa Kushoto

Wenzake walinunua ploti Emali, mume wangu akanunua saa. Alikuwa mpimaji wa ardhi, kwa hivyo hizo ploti za wenzake ni yeye aliyezipima na kuziwekea mawe ya mipaka. Akimaliza anarudi nyumbani, mjini Wote, na vumbi hadi kwenye nyusi, anaoga, anakaa mezani na kioo cha kukuza kwenye jicho, anatazama ndani ya saa ya mkono iliyotengenezwa Uswisi kabla yeye hajazaliwa. Siku moja nilimwuliza kwa nini sisi tusiwe na hata ploti moja karibu na stesheni kama watu wengine. Akasema ploti haifanyi kitu, inakaa tu. Nilikubali, maana wakati huo na mimi nilikuwa nimeshaambukizwa.

Nasema saa zake, lakini nusu nilizitafuta mimi. Nina duka la dawa za mifugo, na baadhi ya wateja wangu ni watu wa ranchi za barabara ya Mombasa, wale ambao babu zao waliacha vitu kwenye masanduku. Nilijifunza kuuliza polepole, kati ya dawa ya kupe na dawa ya minyoo, kama kuna saa ya zamani ambayo imelala mahali. Nilijifunza pia kutambua uso wa saa uliopakwa rangi upya, na hapo yeye mwenyewe alikiri kwamba namshinda. Mwishowe zikawa saba. Hatukutaka saa yoyote tu. Tulitaka zenye kalenda kamili ndani yake: siku, tarehe, mwezi, na kidirisha kidogo cha mbalamwezi. Saa ya aina hiyo inajua kwamba Novemba ni siku thelathini na Desemba thelathini na moja. Inajua kwamba Februari ni fupi, na inakumbuka kuiongezea siku kila mwaka wa nne. Haina betri wala kompyuta. Humo ndani kuna gurudumu moja linalochukua miaka minne kuzunguka mara moja, na ukilitazama kwa kioo utaapa kwamba limesimama.

Kanisani hakuna aliyejua tulichokuwa nacho. Aliyoipenda kuliko zote aliivaa kila siku kwenye mkono wa kushoto, na mkanda wake wa ngozi ulikuwa umechakaa. Mmoja wa wazee wa kanisa, mwenye saa kubwa ya kung'aa, alikuwa akimwonea huruma na aliwahi kuahidi kumletea nyingine kutoka Nairobi. Mume wangu alimshukuru sana. Tulicheka njia nzima mpaka nyumbani.

Alikuwa na lalamiko moja tu juu ya hizo saa. Kalenda hugeuka usiku wa manane. Alikuwa akisema Wazungu walitengeneza kitu kizuri namna hii, halafu wakakificha saa ambayo mtu mwenye akili zake amelala. Na mwisho wa Februari ndio ulikuwa sikukuu yake. Usiku ule mshale mdogo wa tarehe huruka kutoka ishirini na nane hadi moja, unazipita tarehe tatu zisizokuwepo bila kuzigusa, na mwezi unabadilika papo hapo. Kila mwaka alikesha akiusubiri. Kila mwaka niliahidi kukesha naye, na kila mwaka usingizi ulinibeba, kwa sababu mimi ni mtu wa kufungua duka mapema na nikiweka kichwa kwenye mto nimekwenda. Asubuhi ananiambia, "Umeikosa tena," kisha ananionyesha kwa kidole hewani jinsi mshale ulivyoruka. Haukuwa ugomvi. Ulikuwa utani wetu wa kila mwaka, kama watu wengine walivyo na keki.

Mwaka jana, watu wakiwa katika kupanda, alianguka akiwa kazini. Kiharusi. Upande wote wa kulia ulikufa na maneno yakaondoka. Hospitalini daktari alinieleza kwa upole kwamba sehemu ya ubongo inayotengeneza maneno imeumia, na kuhusu anachoelewa hawezi kusema kwa hakika, tusitarajie sana. Kule mjini Wote tulikuwa wawili tu na mimi singeweza kumgeuza peke yangu, kwa hivyo tulimpeleka kwao Kanyangi, kwa mama yake, ninayemwita mwaitu kama wanawe wote wanavyomwita. Kitanda kilitandikwa sebuleni karibu na mlango, kichwa kikiegemea ukuta, ili aone nje.

Watu walikuja. Akina mama wa kanisa waliimba, wakaomba, wakaleta unga. Nje, wakivaa viatu, walikuwa wakiambiana kwamba mwili upo lakini mwenyewe ameshaondoka. Nami nilikuwa nikijibu kwamba yumo. Nilikuwa nikijua yumo. Ananifuata kwa macho, nilisema, na mtu asiyekuwepo hafuati mtu kwa macho. Nilimsimulia habari za duka, nilizopigiwa simu na mtu niliyemwachia, nani amekopa chanjo ya kuku na nani amenuna. Nilifanya hivyo kila siku, mpaka siku ya saa.

Kila nilipomwogesha nilikuwa naivua ile saa yake ya mkono wa kushoto na kuiweka kwenye stuli. Siku hiyo nilitoka kumwaga maji, nikasimama kuzungumza na jirani, na niliporudi nikamkuta ameichukua. Ameilaza kifuani na kwa mkono wa kushoto, huo mmoja uliobaki, anakikwaruza kwa ukucha kile kidude cha pembeni cha kurekebishia. Jasho lilikuwa limemtoka. Nilidhani anacheza nayo, kama mtoto anavyochezea kitu kinachong'aa, na sikumnyang'anya. Baadaye nilipomvalisha niliangalia saa. Ilikuwa saa nne asubuhi, na mshale mfupi ulikuwa umesimama kwenye nne.

Pengine inabidi nieleze. Sisi sote tunajua kwamba saa nne asubuhi mshale mfupi unakaa kwenye kumi. Saa zilitoka kwa Wazungu na hesabu yao inaanzia usiku wa manane. Yetu inaanzia jua linapochomoza, kwa hivyo mtu akitazama saa hufanya hesabu kichwani bila hata kujua kwamba anaifanya. Mtoto hujifunza hilo akiwa mdogo, na wengine hulijifunza kwa kuchapwa. Mwaitu alipoiona saa ya mwanawe alifurahi. Alisema sasa angalau inasema ukweli, na kwamba mwanawe alikuwa akizisoma hivyo hivyo alipokuwa mdogo, kabla mwalimu hajamrekebisha kwa kiboko.

Maneno hayo ndiyo yaliyonimaliza. Mtu aliyeweza kukuambia saa imepotea nusu dakika kwa mwezi, sasa ameipeleka saa ya Uswisi ikaenda kama anavyosoma mtoto ambaye hajaingia shule. Nilijiambia, amerudi utotoni. Kumbe watu walikuwa wanasema kweli. Nilijaribu kuirudisha, akakunja ngumi na kuubana mkono kifuani kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo, nikamwachia.

Tangu siku hiyo sikumsimulia tena habari za duka. Sikukasirika. Nilimlisha, nilimgeuza, nilimpaka mafuta mgongoni asipate vidonda. Ila nilikuwa nikifanya hivyo kimya, kama mtu anayefua. Ganzi iliingia hapo, na sikuisikia ikiingia.

Asubuhi ndiyo ilikuwa ngumu zaidi. Niliamka kabla ya jua, nikakoroga uji, nikakaa kando ya kitanda na kikombe na kijiko. Na kila asubuhi, nikiwa kwenye kijiko cha tatu au cha nne, aliinua mkono wa kushoto na kuuleta usoni kwangu, karibu kabisa, nusura anipige. Nilidhani anakataa uji. Nikawa naushika mkono na kuushusha juu ya blanketi, namwambia tulia, unywe. Anauinua tena. Naushusha tena. Wakati mwingine machozi yalimtoka, na nilikuwa nimesikia kwamba wagonjwa wa kiharusi hulia bila sababu, kwa hivyo niliyafuta na kuendelea na kijiko.

Alifariki kabla ya Krismasi. Sitaeleza mazishi, yalikuwa kama mazishi. Kwaya iliimba vizuri na mvua ilitusubiri tumalize. Watu walinitazama waone kama nitaanguka, na nilipokosa kuanguka wakasema Mungu amenipa nguvu. Hazikuwa nguvu. Nilikuwa nikiangalia udongo unavyorudi shimoni na nikiwaza kwamba tumefunga duka siku ya soko.

Siku ya kugawa nguo zake niliziweka saa zote saba mezani pamoja na makoti, maana niliona kuzificha ni kuiba. Shemeji yangu mkubwa, ambaye kwa desturi ndiye wa kwanza kuchagua, alizipitia moja moja akiziweka sikioni. Akasema hizi za kizamani zinahitaji kazi. Kulikuwa na ya nane, ya plastiki, ambayo mume wangu alikuwa akiivaa akienda porini kupima, ya betri, inayowaka taa ukiibonyeza. Akachukua hiyo. Wakati mwingine wowote ningetoka nje nikacheke mpaka nikae chini. Nilimwambia ni chaguo zuri na nikampa na koti.

Nikabaki Kanyangi kumsaidia mwaitu na mavuno. Asubuhi nilizitia saa zote ufunguo, moja baada ya nyingine, kwa sababu ukiiacha saa ya kalenda ikasimama, kuipangia tena siku, tarehe, mwezi na mbalamwezi ni kazi ya jioni nzima. Nilikuwa nikisokota bila kutazama. Hiyo yake niliitia ufunguo pia, imebaki na hesabu yake ya kitoto, na sikuirekebisha wala sikuitazama usoni. Kama ungeniuliza kwa nini ninaendelea, ningekuambia ni mazoea. Kila kitu kilikuwa mazoea. Nilikula kwa sababu ilikuwa saa ya kula.

Mwishowe niliamua ziondoke. Mtu pekee niliyemfahamu aliyejua thamani ya saa hizo ni rafiki wa mume wangu kutoka Emali, Mkikuyu mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Yeye na mume wangu walikuwa wakikutana Jumapili baada ya ibada kama watu wa dini ya pili. Nilimpigia. Mwezi Februari, mwishoni, alikuja Kanyangi na kitambaa cheusi na kioo chake. Mwaitu alikuwa uani akipura ndengu kwa fimbo juu ya turubai, na sisi tukakaa sebuleni, mahali kitanda kilipokuwa. Alizitazama kwa heshima, hata akavua kofia. Kwa zile sita hakuwa na neno. Alipofika kwenye ya saba akatazama mishale, akatazama simu yake.

Nilimwambia kwamba ni mgonjwa aliyeichezea, kwamba mwishoni akili zilikuwa zimechanganyika. Nilisema hivyo kama mtu anavyosema bei ya unga.

Akaigeuza geuza. "Shemeji, hii shida si kubwa," akasema. "Lakini lazima nijue kama alirudisha nyuma masaa sita ama alipeleka mbele. Mishale zitakaa mahali moja tu, huwezi kujua kwa macho. Ile itakuambia ni kalenda. Kama alipeleka mbele, tarehe itaruka jioni. Kama alirudisha, itaruka asubuhi, jua likitoka. Wewe niangalilie tu, unipigie. Na usiiguse, ukikosea hapo unavunja meno ya ndani."

Nilimwambia nitaangalia. Aliziacha zote, akasema atazibeba pamoja, akamwamkia mwaitu uani kwa Kikamba chake cha Emali na kuondoka na debe la ndengu.

Jioni hiyo nilikaa mlangoni na saa mkononi huku jua likizama. Mishale miwili ilikutana juu kwenye kumi na mbili na kuachana. Tarehe haikusogea. Ishirini na nane, Februari. Niliiona hiyo tarehe na haikuniambia kitu. Nilikula, nikalala.

Asubuhi niliamka kukoroga uji, wa mwaitu sasa, na nikaiweka saa kando ya jiko ili nisije nikasahau nilichoahidi. Nje kulikuwa kumeanza kupambazuka. Nilimimina uji kikombeni, nikatoa kijiko, nikaishika saa kwa mkono wa pili na kwenda sebuleni kwenye mwanga. Sikuchagua mahali pa kukaa. Nilikaa nilipozoea kukaa asubuhi, kwenye stuli, nikiwa nimeelekea ukuta ambao kitanda kiliegemea.

Mishale ilikutana juu. Ndani ya saa kukasikika mlio mdogo kama wa kuvunja ndengu moja kwa jino. Mshale wa tarehe ukaruka kutoka ishirini na nane, ukapita tarehe tatu bila kusimama, ukatua juu ya moja. Ule wa mwezi ukaenda Machi. Ule wa siku ukasogea. Yote mitatu kwa pamoja, mara moja, na ikaisha.

Ilikuwa nzuri. Miaka yote hiyo alinieleza na kidole hewani na sikuwahi kujua kwamba ni nzuri hivyo.

Nilikaa na kikombe mkono huu na saa mkono ule. Nilimwona tena na ukucha wake na jasho lake, akiisukuma mishale kurudi nyuma kwa mkono mmoja, masaa sita kamili, si matano wala saba. Alikuwa ameitoa tarehe usiku wa manane akaileta asubuhi. Aliileta pale nilipokuwa, macho, nikiwa nimekaa mbele yake na kijiko, mahali ambapo usingizi haungeweza kunibeba. Na kila kulipokucha aliinua mkono ili nione. Hakuwa anakataa uji. Mwezi wa Novemba uliisha huku nikiushika mkono wake na kuushusha juu ya blanketi, na chini ya kiganja changu tarehe ikaruka.

Alikuwa mzima mle ndani. Alikuwa na akili za kutosha kunipangia mzaha, na mimi nilikuwa nimenyamaza.

Kikombe sijui nilikiweka wapi. Mwaitu alinikuta nimeinama juu ya magoti yangu, akaniuliza kama nimeungua. Nilikuwa nalia kwa sauti ambayo sikuitambua, sauti ya mazishi, imechelewa karibu msimu mzima. Nilimwonyesha saa, nikamweleza vibaya vibaya, kwa Kikamba na Kiswahili vikiwa vimechanganyika. Mkono. Uji. Asubuhi. Nikamwambia kwamba alikuwa anajua, siku zote hizo alikuwa ananijua.

Mwaitu alikaa sakafuni kando yangu, mzee kama alivyo, akanyoosha miguu.

"Mwanangu alikuwa anajua kila kitu," akasema. "Mimi nilikuwa naongea na yeye kila siku ukienda kuteka maji. Nilifikiri na wewe unajua."

Hakulisema kwa kunilaumu, na ndiyo sababu liliniuma. Tulikaa hapo mpaka jua likafika mlangoni. Uji ulikuwa umeshaganda kikombeni, akaunywa hivyo hivyo.

Mchana yule rafiki wa Emali alipiga mwenyewe. Nilisikia malori nyuma yake na mtu akiitisha misumari. Aliniuliza kama nimeona, tarehe inaruka jioni ama asubuhi.

"Asubuhi," nikamwambia. "Wakati wa uji."

Akasema basi ni rahisi, alirudisha nyuma, atanitengenezea siku moja tu. Nilimwambia aje achukue zile sita. Akauliza, na ile iliyoharibika je? Saa ilikuwa kwenye mkono wangu wa kushoto, mkanda nimeutoboa tundu jipya kwa msumari. Ilikuwa saa nane, na mshale mfupi ulikuwa kwenye nane.

Nikamwambia haijaharibika.